Kulala bure kando ya Malagarasi: dhana potofu na ukweli

Anayepita Kigoma na karavani au gari lenye kitanda huvutwa na Mto Malagarasi: maji yapo, kivuli kipo, na hakuna anayedai hela ya chumba. Kulala hapo kunawezekana, ila usiende na haya kichwani.

"Hakuna ada, basi hakuna mwenyewe." Ardhi ya kijiji ina msimamizi: kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ni halmashauri ya kijiji. Piga hodi kwa mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji jua likiwa bado juu, ueleze wewe ni nani na unalala wapi. Ndani ya pori la akiba la Moyowosi au Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, hulali popote bila kibali na malipo.

"Kiboko ni wa majini, nchi kavu ni salama." Hii ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Kiboko hushinda majini mchana, usiku hutoka kula majani na anaweza kwenda kilomita kadhaa. Hupita njia zake zilezile. Itazame njia hiyo kwa makini: mifereji miwili iliyokanyagika, na katikati tuta la nyasi, kwa kuwa miguu yake ya kushoto na kulia imeachana. Mgeni huiona akadhani ni njia ya gari, akafurahi kupata uwazi, akaegesha. Kumbe amemzibia mnyama njia ya kurudi majini, na kiboko akikatiwa njia hiyo hushambulia. Angalia na vichaka vya pembeni. Ukikuta mavi yametapakaa kwenye majani, ameyarusha kwa mkia. Hama hapo, hata kama giza limeanza kuingia.

"Mamba yuko katikati ya mto." Huvizia ukingoni. Waulize wenyeji wanachota wapi, chota mapema, na vyombo vya chakula cha jioni vioshwe asubuhi, tena mbali na maji.

"Hapa hakujanyesha, mto hautajaa." Ruchugi, unaoingia Malagarasi pale Uvinza, huleta maji ya milima ya Kasulu. Takataka zilizonasa kwenye matawi zinaonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Egesha juu ya hapo. Sheria inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Wewe ni wa usiku mmoja, lakini nakusihi umbali huo uuheshimu, hasa kwa choo na maji ya sabuni. Kuna watu wanaokunywa huko chini.

"Maji maangavu hayana kichocho." Vimelea vyake havionekani kwa macho, na hupenya ngozi ukiwa umesimama tu kwenye maji yaliyotulia.

"Jiko la mkaa ndani ya gari halina neno, dirisha liko wazi kidogo." Hewa yake ya sumu haina harufu, na aliyelala haamki. Jiko libaki nje. Mbu wazuie kwa chandarua.