Tope la Ghuba ya Tanga

Kazi yangu ni kupima kina cha bahari, na watu wakiniuliza huko chini kuna nini, jibu langu huwa tope. Ipake grisi kitakoni bildi, ile timazi ya kamba ya kupimia kina, ishushe mbele ya mji wa Tanga: itapanda na tope la kijivu, laini kama uji wa mgonjwa.

Tope hilo huletwa na mito, hasa Sigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki. Nje kuna miamba inayovunja mawimbi, kisiwa cha Ulenge kiko karibu na mlango wa ghuba, na ndani kuna Kisiwa cha Toten na magofu yake ya misikiti. Kwa hiyo kusi ikichafuka, ndani kumetulia. Maji yakitulia, tope nalo linatuama.

Jahazi halikujali. Wakati wa bamvua, siku za maji makubwa, maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Nahodha aliingia yakijaa, yakapwa, chombo kikalala ufukweni na mizigo ikashushwa kwa miguu. Karne ya 19 misafara ilileta pembe za ndovu kutoka bara, ikarudi na nguo na shanga.

Aliyeumbuka ni mgeni. Aprili 1498 São Rafael, chombo cha msafara wa Vasco da Gama, kilipanda fungu la mchanga karibu na Mtang'ata, Tongoni ya leo, kusini mwa Tanga. Maji yalipojaa kikaelea. Wenyeji waliwafuata na machungwa, na Wareno wakaandika kwamba ni matamu kuliko ya kwao (Muheza hawatashangaa). Januari 1499, wakirudi, mabaharia walikuwa wamepungua mno, wakakichoma moto palepale.

Shida hasa ililetwa na meli za chuma. Reli ilianza kujengwa hapa 1893, mwaka uleule mkonge ulipoingia nchini, lakini meli kubwa haikuweza kusogea gatini. Ilitia nanga mbali, marobota ya mkonge yakafuatishwa kwa matishali, vyombo bapa vya kubebea shehena: kupakia mara mbili, kulipia mara mbili. Hali hiyo imebadilika juzi tu, kina cha gatini kilipochimbwa kutoka mita 3 hadi 13.

Bomba la mafuta la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, nalo limeelekezwa Chongoleani, ng'ambo ya kaskazini ya ghuba, si mbele ya mji. Nikiitazama ramani yangu ya kina, sishangai. Kule gatini itabidi turudi na bildi kila baada ya masika, maana Sigi haijaacha kushuka.