Vipimo vya kabla ya kupanda meli ya kitalii, maana yake nini hasa?

Ukilipia likizo ya meli nje ya nchi, kwenye masharti unaweza kukuta wameandika abiria awe na vipimo vya kabla ya kupanda, na hapo ndo watu wanachanganyikiwa, mmoja anakimbilia hospitali kupima kila kitu kuanzia sukari mpaka macho, mwingine anapuuza kabisa akijua ataulizwa hukohuko bandarini. Maana yake ni hii: ni kipimo au cheti cha afya ambacho usipokionyesha hupandi, na lazima kiwe kimefanyika ndani ya muda waliousema. Hiyo habari ya muda ndo inaangusha wengi.

Kwanini wakali hivyo? Meli ina watu maelfu, wanakula ukumbi mmoja, wanashika vyuma vya ngazi vilevile, ugonjwa ukiingia unasambaa haraka sana. Februari 2020 meli ya Diamond Princess iliwekwa karantini Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700, na zaidi ya 700 wakakutwa na Korona. Halafu zahanati ya melini ni ndogo, ina daktari na manesi ila upasuaji mkubwa hawafanyi, ukizidiwa katikati ya bahari unasubiri bandari ya karibu au helikopta, na helikopta nayo haifiki kila mahali.

Sasa turudi kwenye muda. Tuseme sharti ni kipimo kisichozidi siku 2 kabla ya kupanda na meli inaondoka Jumamosi, basi unapima Alhamisi au Ijumaa. Lakini kama ndege yako ya kwenda kwenye mji wa bandari ni Jumatano, kipimo cha nyumbani hakitakufaa, inabidi ubuku maabara kulekule mapema, na uhakikishe inafungua hiyo siku. Kawaida muda unahesabiwa tangu sampuli ilipochukuliwa, sio majibu yalipotoka, na angalia pia wameandika siku au masaa maana wakiandika masaa 48 basi hata saa uliyopima inaangaliwa. Kama ni Korona, kipimo cha antijeni, yaani kile cha haraka, kinatoa majibu ndani ya nusu saa hivi, PCR, yaani kile cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, inaweza kuchukua siku nzima au zaidi. Na kama uliugua karibuni PCR inaweza kuendelea kusoma chanya hata miezi 3 wakati umeshapona, ndo maana kampuni nyingi zilikuwa zinakubali barua ya daktari kwamba umepona. Siku hizi sharti la Korona limelegezwa sana, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilifunga mpango wake wa kufuatilia Korona kwenye meli Julai 2022, ila kampuni ina haki ya kulirudisha ugonjwa ukipanda, kwahiyo soma masharti ya safari yako wewe, usitegemee aliyesafiri mwaka juzi.

Kitu ambacho mimi naona kinasahaulika zaidi ni homa ya manjano. Hiyo sio kipimo, ni chanjo na cheti chake, ila inaingia kapu hilihili. Cheti kinaanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwahiyo ukichanja wiki ya safari umechelewa, na tangu Julai 2016 kinadumu maisha yako yote hata kama ndani kimeandikwa miaka 10. Ugumu ni mpangilio wa bandari: nchi ya tatu kwenye ratiba ya meli inaweza isikudai chochote ukitoka kwenu moja kwa moja, lakini ikakudai cheti kwa sababu meli ilipita kwanza kwenye nchi yenye ugonjwa. Kwahiyo chukua ratiba ya meli, andika bandari zote kwa mfuatano, mpelekee daktari aione. Kama una zaidi ya miaka 60 au kinga yako ni dhaifu mwambie kabla hajakuchoma, kuna watu hawatakiwi kuchanjwa, hao wanaandikiwa cheti cha msamaha.

Mjamzito naye ana hesabu yake, kampuni nyingi hazipokei aliyefika wiki ya 24, na wanaangalia mpaka siku ya mwisho ya safari, yaani ukipanda na wiki 23 safari ikiwa ya siku 14 unakataliwa. Safari za mbali kama Antaktika mara nyingi zina fomu ya afya inayojazwa na daktari wako, na magonjwa ya zamani yataje yote, kwenye bima pia, maana ukificha presha halafu ikupande baharini bima inaweza kugoma kulipa gharama za kukutoa.

Majibu yakitoka soma jina, liwe kama lilivyo kwenye pasipoti, aina ya kipimo, tarehe na saa ya sampuli na jina la maabara viwepo. Kosa la herufi rekebishiwa palepale maabara kabla hujaondoka, halafu printi nakala mbili, moja ikae kwenye begi la mkononi maana mizigo mikubwa inachukuliwa kabla hujafika kaunta ya ukaguzi.