Boga Halikupigwa Jicho: dhana potofu kuhusu nyuki, vipepeo na popo wa mjini

"Boga limetoa maua yote yakadondoka. Limepigwa jicho."
Majirani wapumzike. Mmea wa boga huwa na maua dume na maua jike, na ua jike utalijua kwa kiboga kidogo kilichokaa chini yake. Chavua ya boga ni nzito na inanata, upepo hauwezi kuibeba. Ua hufunguka alfajiri, na ikikaribia adhuhuri limeshajifunga. Nyuki asipopita saa hizo chache, kiboga hugeuka njano na kuanguka. Anayetaka kuhakikisha, achume ua dume asubuhi mapema, aliondoe majani yake ya njano, kisha apake chavua katikati ya ua jike. Likishika, basi kilichokosekana uani ni nyuki. Wakulima wa vanila wanaijua vizuri kazi hiyo: mmea ule asili yake ni Mexico, nyuki wake hakuja nao, na kila ua linataka mkono wa mtu siku lilipochanua.

"Wadudu hao ni wa shamba, mjini hawana lao."
Marekani wangefikiri hivyo wasingehangaika na kipepeo anayeitwa monarch, yule anayeruka maelfu ya kilomita kutoka Kanada na kaskazini ya Marekani kwenda kukaa kipupwe kwenye milima ya Mexico. Viwavi wake hula mimea ya jamii moja tu, yenye utomvu mweupe kama maziwa. Mashamba makubwa yakaiua mimea hiyo kwa dawa za magugu. Ndipo mwaka 2015 ukaanzishwa mpango wa mameya kuahidi kuipanda kwenye bustani za miji, skuli na kando ya barabara. Kipepeo akivuka mji mzima bila kuona mmea wa kutagia, uzao wake umekatika hapo.

Monarch hatumwoni Unguja wala Pemba. Tunaye binamu yake, mwenye rangi ya chungwa na ncha nyeusi za mbawa zenye madoa meupe, ambaye viwavi wake nao hutaka mimea ya utomvu. Huruka polepole, maana ndege wanajua ladha yake mbaya. Kiwanja kinachofyekwa mpaka udongo ubaki mtupu, kila wiki, kwa jina la usafi, hakimfai.

"Kiwavi kwenye mndimu ni adui, auawe."
Hapa ndipo penye ugomvi. Watu wanataka vipepeo bila viwavi, na jambo hilo haliwezekani. Ukiona kwenye jani la mndimu au mlimau kitu kama kinyesi cha ndege, kiangalie vizuri: huenda ni kiwavi mchanga. Akikua huwa kijani, na ukimgusa hutoa vipembe viwili vyenye harufu kali. Baadaye huwa yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Mche mdogo wa kwenye ndoo anaweza kuumaliza, kweli, na huo una haki ya kulindwa: mtoe kwa mkono umhamishie mti mkubwa. Mndimu uliokomaa hupoteza majani machache, ukachipua tena. Kuupulizia dawa mti mzima uliojaa maua ni hasara mara mbili, kwani nyuki waliofuata maua nao hufa.

"Nyuki wote huuma."
La. Kuna jamii ya nyuki wadogo wasio na mwiba wa kudunga, na madume wa nyuki wa kawaida hawana pia.

"Usiku maua yamelala."
Mumunye hufungua maua yake meupe magharibi, wakati wa nondo. Mpapai nao hutegemea sana nondo wanaoruka jioni. Doriani na msufi ni kazi ya popo, hao hao tunaowaita uchuro. Taa kali zinavuruga kazi hiyo: utafiti wa Uswisi uliochapishwa 2017 uliona ziara za wadudu wa usiku zikipungua kwa asilimia 62 kwenye maua yaliyomulikwa. Hakuna anayetaka uchochoro wa giza. Lakini taa inaweza kufunikwa juu imulike njia tu, na ya bustani ikazimwa watu wakishaondoka.

"Karafuu huchumwa kabla ya kuchanua, wadudu wa nini?"
Kwa karafuu ya kuanika, sawa. Ila miche hutoka kwenye mbegu, na mbegu hutoka kwenye ua lililoachwa likachanua.

"Mji Mkongwe hauna nafasi ya bustani."
Nyuki hahitaji bustani, anahitaji maua yenye chavua na maji ya nekta ndani yake. Waridi lililojaa majani mpaka katikati huwa na kidogo sana cha kumpa, hata likipendeza vipi. Mrehani wa kwenye kopo juu ya dari humpa zaidi, mradi uachwe uchanue. Kina mama huukata vichwa ili majani yazidi kwa ajili ya vikuba, na wana haki hiyo. Basi liwekwe kopo la pili, lenye mrehani usiokatwa.