"Sili mafuta, daktari"

Wiki hii nimeisikia tena. Mama mmoja kaweka karatasi ya altrasaundi mezani, imeandikwa mafuta kwenye ini, akaapa kwamba tangu mwaka jana anakula chukuchuku. Nikamuuliza anakunywa nini. Chai ya vijiko vitatu asubuhi na jioni, juisi mchana, soda akishikwa na kiu. Sasa mama, hayo mafuta umeyanywa!

Ini lina kimeng'enya (protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini) kiitwacho asetili-KoA kaboksilesi. Sukari ikishavunjwavunjwa, chenyewe huchukua kipande kinachopatikana, asetili-KoA, na kukigeuza malonili-KoA, malighafi ya kuundia mafuta. Insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, ikipanda, kinachapa kazi. Kibaya zaidi, malonili-KoA hiyohiyo huziba njia ya mafuta kuingia kwenye mitokondria (vinu vya nishati vya seli) yakachomwe. Mapya yanatengenezwa, ya zamani hayatoki. Na fruktosi, ambayo ni nusu ya sukari ya mezani, sehemu kubwa huishia kwenye ini, tena bila kupitia kizuizi kinachoipunguza kasi glukosi, ile nusu nyingine. Kimeng'enya hiki hulegea usiku tumbo likiwa tupu, glukagoni, homoni inayopingana na insulini, ikipanda. Ndiyo maana nagombana na watu juu ya chai ya sukari ya saa nne usiku.

Utafiti mmoja wa 2005 ulifuatilia mafuta ya kwenye ini kwa wagonjwa 9 (wachache, sikatai): karibu asilimia 59 yalitoka kwenye akiba ya mwili, 26 yalitengenezwa na ini lenyewe, 15 tu ndiyo ya chakula moja kwa moja. Kikaango kimesingiziwa mno.

"Lakini sinywi pombe." Wengi wa wagonjwa wangu hawanywi.

"ALT yangu, kile kipimo cha damu cha ini, iko sawa." Inaweza kuwa sawa na ini limejaa mafuta.

Limao na maji ya moto? Kunywa ukipenda, mafuta hayayeyuki kwa limao.

Wengine wanauliza kwa nini kimeng'enya chenyewe kisizimwe kwa dawa. Kimejaribiwa, kwa dawa iitwayo firsocostat: mafuta ya ini yalipungua, ila trigliseridi, aina ya mafuta, zikapanda kwenye damu. Ninachowapa mimi ni mzani: kupunguza asilimia 7 hadi 10 ya uzito, taratibu.

Mama wa chukuchuku kakubali kuacha soda na juisi. Chai, kasema, tutaongea.