Dampa kwenye 10, na bado hujaongeza uzito

Ukiingia jimu Nairobi, iwe Westlands au Donholm, tazama mkono wa dampa ubavuni mwa gurudumu la mashine ya makasia. Mara nyingi utaukuta umesukumwa hadi 10, namba ya juu kabisa. Aliyeuacha hapo alidhani anaongeza uzito, kama anayepachika sahani kwenye chuma. Mimi ni kocha wa makasia ya ndani, na wanafunzi wapya huwaambia waachane na namba hiyo, waulize dragi fekta ni ngapi.

Dampa huongeza au kupunguza hewa inayoingia kwenye gurudumu lenye mapanga ya feni. Hewa ikiwa nyingi, gurudumu hupoteza kasi upesi kati ya mvuto na mvuto, na kila mara unaanza kulikokota upya. Ikiwa kidogo, linaendelea kuteleza. Dragi fekta ndiyo kipimo cha upotevu huo wa kasi. Monita ya Concept2, kampuni inayotengeneza mashine hizi, huipima kila unapojirudisha mbele na kiti, kisha huitumia kukokotoa muda wako wa mita 500. Ndiyo maana mashine haidanganyiki: dakika 2 kwa mita 500 ni takriban wati 203, dampa iwe 3 au 10.

Sasa Nairobi. Tuko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Dampa 5 ya huku hutoa dragi fekta ndogo kuliko dampa 5 ya Nyali, Mombasa. Mtu hushuka pwani likizoni, akaweka 5 yake aliyoizoea, akaona mashine imekuwa nzito, akalaumu mahamri! Halafu kuna vumbi. Likiziba wavu wa gurudumu hewa haipiti vizuri, na 10 ya mashine chafu inaweza kuwa nyepesi kuliko 6 ya iliyosafishwa. Meneja wa jimu, nunua brashi.

Kuipata dragi fekta yako ni rahisi. Kwenye PM5, aina ya monita ya Concept2, fungua menyu ya chaguo zaidi, chagua onyesho la dragi fekta, vuta mara chache, kisha sogeza dampa mpaka upate namba unayotaka. Wanaoanza huwaweka kati ya 100 na 120. Wenye miili mikubwa na miguu yenye nguvu, 120 hadi 140. Kupanda hadi 200 kwa mazoezi ya nusu saa ni kuuonea mgongo wa chini bure.

Ukishusha dampa kutoka huko juu, mwanzoni utahisi huvuti kitu. Gurudumu bado linakwenda mbio, na lazima miguu isukume haraka ili ulikamate kabla mvuto haujaisha. Wengi hukata tamaa hapa na kurudi kwenye 10, kwa sababu uzito wa mwanzo wa mvuto huwapa hisia ya kufanya kazi, hata pale wati zinaposhuka.

Jambo moja dampa hailiwezi. Ukishindana mita 2,000 na binamu yako aliye Mombasa, mnaweza kuweka dragi fekta ileile, 120 kwa 120, lakini oksijeni unayovuta wewe kwa kila pumzi ni pungufu. Mdai sekunde kadhaa za fidia kabla hamjaanza.