Je, wajua kwa nini mota kubwa haiifanyi mashine ya CNC kuwa sahihi zaidi?

Fundi anayejiundia mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchongea inayoongozwa na kompyuta, katika karakana yake, iwe Kizota au Chang'ombe hapa Dodoma, kwa kawaida huanza na skwea paipu za kuchomelea, mota tatu au nne, bodi ndogo ya udhibiti na kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine. Mbao huchongeka vizuri tangu siku ya kwanza. Kipande cha aluminiamu ndicho kinachoumbua mashine: kingo hutoka na mawimbi, na duara lililotakiwa kuwa la milimita 50 hutoka na umbo la yai. Ushauri unaofuata karibu kila mara ni kwamba mota ni dhaifu, ziwekwe kubwa zaidi. Fedha hutoka, mota hubadilishwa, na duara hubaki yai.

Ushauri huo umejengwa juu ya dhana kwamba usahihi wa mashine hutoka kwenye kompyuta na mota, na ni haki kusema kwamba dhana yenyewe si ya kipuuzi. Mota ya hatua ya kawaida, yaani inayozunguka kidogo kidogo kwa kila amri, hukamilisha mzunguko mmoja kwa hatua 200. Kiendeshi chake, kifaa kinachoipa umeme, kikigawa kila hatua mara 16, mzunguko huwa na vipande 3,200, na skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko huisogeza milimita 0.0016 kwa kila kipande. Mtu akiiona tarakimu hiyo ataona amenunua usahihi wa kiwandani kwa bei ya simu. Alichonunua hasa ni udogo wa amri. Mota ikibeba mzigo, rota yake, yaani sehemu inayozunguka, hubaki nyuma kidogo ya mahali ilipoamriwa kufika, na kipande kimoja kati ya hivyo 16 kina takriban sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ya kushikilia ya mota. Tena, hata rota ikitii kikamilifu, kati yake na ncha ya kisu kuna skrubu, nati, beringi, reli, fremu, spindo (mhimili unaozungusha kisu) na kisu chenyewe, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichopinda. Mashine nyingi za kujiundia hazina kitambuzi cha kuiambia kompyuta mahali kisu kilipo. Kompyuta hutuma amri na kuamini kwamba imetekelezwa.

Historia inaeleza kwa nini dhana hii ni rahisi kuingia. Mashine ya kuongozwa kwa tarakimu iliyoonyeshwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1952 ilipatikana kwa kufunga vidhibiti kwenye mashine nzito ya kiwandani iliyokuwapo tayari. Chuma kilitangulia, tarakimu zikafuata. Fundi wa leo hupita njia hiyo kinyumenyume, kwa kuwa programu za kuendeshea mashine kama GRBL na LinuxCNC hupatikana bure, na kinachomkosesha usingizi ni chuma.

Ili kuelewa kinachotokea, mfikirie mtu anayeangua mabuyu kwa ufito mrefu. Mkono wake umetulia, macho yake yameliona buyu, lakini ncha ya ufito inayumba huku na huko. Kumpa mtu huyo misuli zaidi hakutulizi ncha. Akiusukuma ufito kwa nguvu zaidi, ndivyo unavyozidi kupinda. Kinachosaidia ni kuufupisha ufito au kutafuta ulio mnene. Katika CNC mota ndiyo mkono, na kila kitu kilicho baada yake ni ufito.

Kanuni inayotawala jambo hili ina ukali usiotarajiwa. Nguvu ikibaki ile ile, kupinda kwa fimbo huongezeka kwa urefu uliozidishwa wenyewe mara tatu, na hupungua kwa unene uliozidishwa wenyewe mara nne. Kisu cha chuma chenye kipenyo cha milimita 6, kikichomoza milimita 40 na kusukumwa ubavuni mwa ncha kwa nguvu ya nyutoni 50, yaani karibu uzito wa kilo 5, hupinda takriban milimita 0.08. Hiyo ni mara hamsini ya ile 0.0016 tuliyoifurahia. Kisu hicho kikirudishwa ndani hadi kichomoze milimita 20, kupinda hushuka mara nane, hadi milimita 0.01, na fundi hajatumia hata shilingi moja.

Reli ndizo zinazoumiza zaidi. Fimbo ya chuma ya milimita 16, yenye urefu wa milimita 600 na kushikiliwa kwenye ncha mbili tu, hubonyea katikati takriban milimita 0.35 kwa nguvu hiyo hiyo. Kuinunua ya milimita 20 hupunguza kubonyea hadi milimita 0.14 hivi. Kuacha fimbo zinazoning'inia na kufunga reli zilizolazwa juu ya fremu kwa urefu wake wote huondoa sehemu kubwa ya tatizo hilo, mradi fremu iliyo chini isiwe nyembamba. Ajabu nyingine ni kwamba chuma kilichogumishwa kwa moto na kuuzwa kwa bei ya juu hupinda karibu sawa na chuma cha kawaida. Huchelewa tu kuvunjika au kubaki kimepinda. Aluminiamu, kwa umbo na vipimo vile vile, hupinda takriban mara tatu ya chuma.

Kwa kuwa mipindo ya sehemu zote hujumlishwa, ni lazima kwanza ijulikane ni sehemu gani inayochangia zaidi. Funga saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha msogeo mdogo) mezani kwa kishikio cha sumaku, sindano yake iguse spindo; kisha tia ndoano ya mizani ya kuning'iniza kwenye spindo na uvute hadi kilo 5. Mshale ukisogea milimita 0.3, hamisha saa iguse bamba linaloshika spindo, halafu daraja (boriti inayovuka juu ya meza), halafu reli, ukivuta vile vile kila mara. Mahali usomaji unaposhuka ghafla ndipo palipo na ulegevu, na si ajabu pakawa ni bolti mbili zilizofungwa kwenye bati jembamba.

Haimaanishi kwamba mota kubwa haina kazi. Mashine inayopoteza hatua, ambayo mchongo wake wote huhama upande mmoja katikati ya kazi, huenda kweli inahitaji mota au umeme wenye volti zaidi, au mwendo wa polepole. Nati ya skrubu iliyolegea nayo ni ugonjwa tofauti. Programu inaweza kufidia nafasi ya ulegevu wake, lakini haiwezi kukizuia kisu kuivuta meza ndani ya nafasi hiyo. Kuhusu kujaza mchanga ndani ya skwea paipu, sifa zake husimuliwa kuliko zinavyopimwa: mchanga hunyonya mtetemo, lakini hauongezi ukakamavu wowote wa maana.

Kwa Dodoma liko pia suala la joto. Mwezi wa Julai alfajiri huwa baridi na mchana jua huwaka, na tofauti ya nyuzi 10 ni ya kawaida. Mita moja ya chuma hurefuka takriban milimita 0.12 kwa tofauti hiyo, na ya aluminiamu karibu mara mbili yake, kwa hiyo meza ya aluminiamu iliyobanwa juu ya fremu ya chuma hujikunja kidogo hata kabla kisu hakijagusa kitu. Anayechonga milango ya mninga hatalihisi hilo, wala hata ile 0.3 ya saa ya kupimia, kwa sababu msasa hufuta alama hizo. Anayetaka beringi ikae barabara katika tundu la aluminiamu atalihisi mara tu atakapojaribu kuiingiza.