Je, wajua makao makuu ya shirika la kimataifa yanachaguliwaje?

Wengi tunadhani wataalamu wanakaa na ramani, wanatafuta mji wenye uwanja mzuri wa ndege na hoteli za kutosha, kazi imeisha. Wapi! Ule ni mnada kabisa. Nchi moja inakuja na jengo la bure, nyingine inatoa kiwanja, nyingine inasema wafanyakazi wenu hatuwakati kodi, halafu wanachama wanapiga kura na hapo ndo siasa inapoanza.

Umoja wa Mataifa wenyewe ulihangaika kama mpangaji. Mwaka 1946 walipouangalia mji wa Greenwich, Connecticut, wakazi walipiga kura wakaukataa, hawataki fujo kwao. Philadelphia ikawa inapewa nafasi kubwa, lakini Desemba mwaka huohuo tajiri John D. Rockefeller Jr. akatoa dola milioni 8.5 za kununua eneo la machinjio kando ya East River, New York, basi Philadelphia kwisha habari yake. Yaani pale mabalozi wanapobishana leo ndo palikuwa panachinjwa ng'ombe!

Ila bure nayo ina masharti. Mwenye nchi ndo mwenye viza. Mwaka 1988 Marekani ilimnyima Yasser Arafat, kiongozi wa Wapalestina, viza ya kwenda kuhutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ikabidi kikao kihamie Geneva ili wamsikilize. Ndo maana wanasheria wanakomaa sana na ule mkataba na nchi mwenyeji, nani ataingia, polisi wanaishia mlango gani, kodi je. Mi naona huo mkataba una maana kuliko jengo lenyewe.

Na sio lazima tajiri ashinde. UNEP, shirika la mazingira, lilipoundwa 1972 nchi zinazoendelea zilichoka kuona kila kitu kinaenda Ulaya na Marekani, zikaungana kwenye kura, likaenda Nairobi.

Kura zikilingana sasa? Novemba 2017 Umoja wa Ulaya ulikuwa unatafuta pa kuhamishia shirika lake la dawa kutoka London kwa sababu ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa kwenye umoja huo. Miji 19 iliomba, raundi ya mwisho Amsterdam 13, Milan 13. Mapresentesheni yote yale, mafaili yote yale ya maombi, mwisho wakachezesha kura ya bahati nasibu, kikaratasi kikatoka Amsterdam. Milan wakaenda mpaka mahakamani, 2022 wakagonga mwamba.